Injini ya makopo ikigoma kuzunguka, usiongeze moto

Wengi wanaojaribu kutengeneza injini ya hewa moto kwa makopo hukwama mahali pamoja. Kopo limepata moto, maji ya kupoozea yapo, flaiwili (gurudumu linaloendeleza mzunguko) inasukumwa kwa kidole, inazunguka mara mbili na kusimama. Hapo mkono unakimbilia moto: mshumaa unaondolewa, unaletwa mkaa, na mkaa ukishindwa inaletwa gesi. Puto linayeyuka, gundi inafuka moshi, na hukumu inatolewa kwamba video ya mtandaoni ilikuwa ya uongo. Za uongo zipo kweli, zenye mota na betri chini ya ubao. Lakini injini yenyewe ni ya kweli, na ikigoma, ni mara chache sana moto kuwa ndio uliopungua. Kinachoiua ni msuguano, uvujaji, au hewa iliyojificha pasipo na kazi, na vyote vitatu unaweza kuvipima kabla ya kuwasha kiberiti.

Robert Stirling, mchungaji wa kanisa huko Uskoti, alipata hataza ya injini hii mwaka 1816, na mwaka 1818 moja ilifungwa kwenye machimbo ya mawe ya Ayrshire kuvuta maji. Enzi zile maboila ya mvuke yalikuwa yakilipuka na kuua watu, na injini ya hewa haina boila. Nyambizi za Uswidi za aina ya Gotland hutembea chini ya maji kwa injini za ukoo huohuo. Ya makopo ni kitukuu chao: kanuni ni ileile, nguvu ndiyo haipo.

Ndani ya kopo mna hewa ileile siku zote, haitoki wala haiingii nyingine. Chini pana moto, juu pana maji. Katikati mna pipa jepesi, jembamba kidogo kuliko kopo, ambalo nitaliita kihamishi. Kikipanda, hewa inapita ubavuni mwake na kushukia upande wa moto, inatanuka, na shinikizo linapanda. Kikishuka, hewa inarudi juu kwenye baridi na kusinyaa. Shinikizo hilo linasukuma na kuvuta kiwambo cha mpira, ambacho ndicho pistoni. Kiwambo kinazungusha kranki, yaani shafti yenye makombo, na kranki hiyohiyo inapandisha na kushusha kihamishi. Kihamishi hakibani hewa kama pistoni ya pikipiki. Hakitakiwi kugusa ukuta hata kidogo.

Hesabu kabla ya mkasi

Chukua kopo la nyanya la gramu 400, kipenyo chake milimita 73 hivi na kimo 110. Kopo la soda la mililita 330, lile nene la kawaida na si lile refu jembamba, lina kipenyo cha milimita 66. Likiingia ndani ya la nyanya linabakiza mwanya wa milimita 3 na kitu kila upande, na mwanya huo unafaa. Ukitaka kihamishi kitembee milimita 25 na kibakize milimita 3 chini na 3 juu, urefu wake ni 110 kutoa 25 kutoa 6, yaani 79. Makopo yako yakiwa na vipimo vingine, rudia hesabu, usinakili namba zangu.

Hewa inayobaki ndani ni kama sentimita za ujazo 200. Pistoni iisogeze kiasi gani? Profesa Ivo Kolin wa Zagreb, ambaye miaka ya 1980 alionyesha injini inayozungushwa na maji ya moto tu, anatajwa kwa kanuni moja rahisi: gawa tofauti ya joto kwa 1,100. Chini kukiwa nyuzi 200 na juu 35, tofauti ni 165, na jibu ni 0.15. Kwa hewa ya sentimita 200 hiyo ni sentimita 30, na hicho ndicho kikomo. Injini ya makopo ianze na theluthi yake. Kiwambo chenye mdomo wa milimita 40, kisahani cha milimita 28 katikati na mwendo wa milimita 12 kinasogeza sentimita 10 au 11. Hapo ndipo pa kuanzia.

Sasa tazama mtaji ulionao. Tuseme shinikizo linapanda kwa asilimia 5 ya lile la hewa tunayovuta. Kwenye kiwambo hicho ni nguvu ya kama gramu 450, inayotembea milimita 12, na sehemu yake lazima irudi kubana hewa upande wa pili wa mzunguko. Beringi iliyojaa grisi au fimbo iliyopinda kidogo tu inaweza kuumaliza wote. Kuongeza moto kunaongeza mtaji kidogo, lakini kunalegeza gundi na kupasha upande wa juu, na tofauti uliyoitafuta inaliwa tena.

Kuunda

Anza na kitako cha kopo la nje, maana hapo pana mtego ambao maelekezo mengi hayautaji. Pitisha ukucha kuzunguka ukingo wa chini. Ukikuta mdomo uliosimama kama wa juu, kitako hicho kimefungwa kwa mkunjo wenye utando wa mpira ndani yake, na mpira huo utaungua dakika za kwanza na kuacha mvujo mahali ambapo gundi haishiki. Ukingo ukiwa wa mviringo laini usio na mkunjo, kopo limevutwa kutoka bati moja, na hilo ndilo la kutafuta. Makopo mengi ya samaki yametengenezwa hivyo, na yapo ya nyanya pia. Kabla ya kuunganisha chochote, lichome kopo nje mpaka rangi ya ndani iishe kutoa moshi, kisha lisugue. Usipofanya hivyo, rangi itafuka moshi ndani ya injini na kuacha utomvu kwenye fimbo. Baada ya kulichoma lijaze maji, liweke juu ya gazeti kavu usiku kucha. Gazeti likilowa, tafuta kopo lingine.

Usitumie kopo la soda kwa ukuta wa nje. Ukuta wake ni mwembamba mno, alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na inapitisha joto kama mara nne ya chuma, kwa hiyo moto wa chini unapanda ukutani kwenda kwenye baridi bila kufanya kazi.

Kihamishi kinahitaji makopo mawili ya soda. La kwanza libaki na kitako na ukuta wa milimita 72, la pili kitako na ukuta wa 20. Kunja ukingo wa lile fupi mikunjo midogo midogo kwa plaizi yenye ncha, usukume ndani ya lile refu kwa milimita 13, halafu paka epoksi ya mirija miwili pande zote. Lile refu liwe chini, ili kiungo kikae juu ambako gundi inavumilia. Fimbo ni spoki ya baiskeli ya milimita 2. Pitisha upande wenye hesi katikati kabisa ya kitako cha juu, kaza kwa nati yake kwa ndani kabla ya kuunganisha makopo, ziba kwa epoksi. Ikikauka, zamisha kihamishi chote kwenye maji ya moto ya chai. Hewa ya ndani itatanuka, na mahali penye tundu patatoa mapovu. Kihamishi kinachovuja kinameza shinikizo kila mzunguko na kulirudisha likiwa limechelewa, na hutajua kwa kukitazama.

Kwa kifuniko chenye birika la maji, kata kitako cha kopo kubwa la maziwa ya unga likiwa na ukuta wa milimita 50. Kitako hicho kinakaa juu ya mdomo wa kopo la nyanya na kuunganishwa pande zote. Fundi bati yeyote anayetengeneza koroboi ataunganisha kwa risasi kwa dakika chache kuliko utakavyohangaika na gundi. Risasi ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 183, lakini juu pana maji, kwa hiyo haitafika huko.

Katikati ya kifuniko simamisha bomba la kuongozea fimbo. Hakuna kitu kizuri kuliko kipande cha antena ya redio mbovu: ni shaba, laini kwa ndani, na vipande vyake vina vipenyo tofauti. Chagua ambacho spoki inateleza yenyewe kwa uzito wake bila kuchezacheza, kata urefu wa milimita 55 ili kisimame juu ya maji, safisha midomo kwa tupa ndogo. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha kuziba na kulainisha. Mafuta ya injini ni mazito mno, na grisi usiikaribishe.

Pembeni, milimita 25 kutoka katikati, pitisha bomba jembamba la shaba la friji lenye tundu la milimita 8. Linapanda juu ya maji, linapinda, na kuingia chini ya kofia ya bomba la plastiki la inchi moja na nusu iliyogeuzwa mdomo juu. Kofia hiyo ikate kina kibaki milimita 10. Ukiiacha na kina chake chote, unaongeza karibu sentimita 30 za hewa isiyopashwa wala kupoozwa, ambayo kazi yake ni kulegeza kila msukumo. Mabomba marefu na mapana yana dhambi hiyohiyo.

Kiwambo kizuri kinatoka kwenye glavu ya hospitali. Puto la sherehe ni nene, na likivutwa linakuwa springi inayopigana nawe. Kikate, gundisha visahani viwili vya plastiki vya milimita 28 juu na chini yake, kisha kifunge kwenye mdomo wa kofia kikiwa kimelegea kiasi cha kisahani kupanda milimita 6 na kushuka milimita 6 bila mpira kuvutika. Kikilegea zaidi ya hapo, ukingo unafura kinyume cha kisahani na shinikizo linaishia humo. Wapo wanaotumia bomba la sindano la plastiki kama pistoni. Raba yake inashika ukuta mno, na injini nyingi zimefia hapo. Sindano ya kioo, ukiipata, ni habari nyingine kabisa.

Kranki pinda kwa waya wa henga, si spoki, kwa sababu spoki inarudi nyuma baada ya kupindwa. Kombo la kihamishi liwe na kimo cha milimita 12.5, la kiwambo milimita 6, na yakitazamwa kutoka mwisho wa shafti yapishane nyuzi 90. Chora kwenye karatasi ya grafu na upinde juu ya mchoro. Shafti ipite ndani ya vipande viwili vya antena vilivyosimamishwa na mihimili ya mbao au bati nene. Kwa viungo vya fimbo, toa shaba zenye skrubu zilizomo ndani ya konekta za umeme: zinakuruhusu kurekebisha urefu kwa bisibisi, na utarekebisha sana. Flaiwili ni CD tatu zilizogundishwa pamoja.

Mizani nayo ina hesabu. Kihamishi na fimbo vina kama gramu 18 kwenye kombo la milimita 12.5, yaani 225 ukizidisha. Upande wa pili, milimita 50 kutoka katikati ya CD, unahitaji gramu 4.5. Nati moja ya funguo namba 13 ina uzito wa karibu gramu 5. Igundishe hapo, mkabala na kombo la kihamishi.

Kupima, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe

Kipimo cha kwanza hakina moto. Ondoa fimbo ya kiwambo, acha kihamishi kimeunganishwa, zungusha flaiwili kwa kidole. Inatakiwa iende mizunguko kumi hivi na kusimama taratibu, kila mara mahali tofauti. Ikisimama palepale kila mara, mizani haijakaa sawa. Ikisimama ghafla, kuna kitu kinashika. Tega sikio: mkwaruzo mwembamba ni kihamishi kinachogusa ukuta, na ukikitoa utaona mstari unaong'aa ubavuni mwake. Sababu karibu kila mara ni fimbo isiyosimama wima au isiyokaa katikati. Sauti ya tok, tok ni kihamishi kinachogonga chini au juu. Fungua skrubu ya konekta, sogeza milimita moja, jaribu tena. Usiendelee na kipimo cha pili mpaka hiki kipite, hata kama mikono inawasha.

Kipimo cha pili kinahitaji moto mdogo na maji juu, lakini kiwambo bado hakijaunganishwa na kranki. Subiri dakika mbili au tatu. Sasa pandisha kihamishi kwa mkono na ukitazame kiwambo kikifura, kishushe na ukitazame kikizama. Mwendo unapaswa kuonekana kwa macho, milimita kadhaa, bila ubishi. Halafu fanya hili: pandisha kihamishi na ukishikilie juu. Kiwambo kikifura na kubaki kimefura kwa sekunde mbili tatu kabla ya kulegea, injini imeziba vya kutosha. Kikifura na kulegea papo hapo, inavuja. Kisipofura kabisa na msuguano ulishapita, basi ama mvujo ni mkubwa, ama juu pamekuwa moto kama chini.

Mvujo utafute kwa maji ya sabuni. Zima moto, acha ipoe, vua kiwambo, pulizia kwenye kofia kwa mpira mwembamba huku ukipaka povu kwenye viungo vyote. Kwenye mdomo wa bomba la antena utaona povu kidogo, na hilo lisikusumbue. Kwa kweli mvujo mdogo pale unahitajika. Injini iliyozibwa mno, ikishapata moto, hewa yake yote inatanuka na kiwambo kinabaki kimefura nje moja kwa moja, kinasukuma kranki upande mmoja tu. Ukiona dalili hiyo, inua ukingo wa kiwambo kwa ncha ya ukucha wakati injini ina moto, hewa ya ziada itoke, kiachie.

Maji nayo yana hesabu yake. Tuseme wati 40 za moto zinapita hadi juu. Kwenye maji ya mililita 150 zinapandisha joto karibu nyuzi 4 kila dakika. Dakika kumi baadaye maji ya Dar es Salaam yaliyoanza na nyuzi 28 yamevuka 60, na injini iliyokuwa ikizunguka vizuri inachoka bila sababu inayoonekana. Birika la mililita 500 linashusha kasi hiyo hadi kama nyuzi 1 kwa dakika. Kipande cha barafu kinafanya kazi kuliko mshumaa wa pili. Angalia tu maji yasidondoke ndani ya kopo kupitia bomba la fimbo: tone likiingia linageuka mvuke chini, linarudi kuwa maji juu, linabeba joto bure kutoka upande mmoja hadi mwingine, na injini inakuwa nzito.

Vipimo vyote vikipita, unganisha kiwambo na uzungushe. Injini hii huenda upande mmoja tu: ule ambao kihamishi kinafika juu robo mzunguko kabla ya kiwambo kufika juu. Ukisukuma upande mwingine itakupinga, na wengi wamebomoa injini nzima kwa sababu hiyo. Pembe ikiwa 80 au 100 badala ya 90, haitakataa kuzunguka, kwa hiyo usimalize siku ukiitafuta 90 kamili.

Kuhusu moto wenyewe, taa ndogo ya spiriti ndiyo safi. Kibatari kinaacha masizi kwenye kitako, na masizi yanazuia joto. Mshumaa nao hufanya hivyo ukikaa karibu mno, kwa hiyo ncha ya mwali iishie chini kidogo ya bati. Mwali wa spiriti hauonekani juani: usijaze taa ikiwa inawaka, wala usidhani imezimika kwa kuitazama.

Ikizunguka mara 200 kwa dakika umefanya kazi nzuri. Usitarajie kuchaji simu. Chaja ndogo ya kawaida inatoa wati 5, na kopo hili halifiki wati moja, mara nyingi ni sehemu ya kumi yake. Taa moja ya LED kupitia mota ndogo ya CD inawezekana ikiwa msuguano wa mota ni mdogo.

Ukitaka zaidi, usiguse moto. Pinda kranki nyingine yenye kombo la kiwambo la milimita 7 badala ya 6, kilegeze kiwambo ipasavyo, pima kasi, kisha jaribu 8. Itafika mahali inaanza kupungua badala ya kuongezeka. Rudi hatua moja nyuma, na hapo ndipo ujaze stiliwaya kidogo, isiyobana, kwenye mwanya wa ubavuni kwa kuifunga kwenye kihamishi, itunze joto hewa inapopita, kwa sababu kabla ya kujua kasi yako ya kawaida hutaweza kuona kama imesaidia au imeongeza tu msuguano.